Kibao cha Jumamosi Saa Nne

Ukitoka Bagamoyo mjini kuja kwetu, kabla hujaiona bahari utakutana na sanamu. Imesimama njia panda, ya kijani, ndefu kumpita mtu, na matawi yake yamenenepa huku na huku kama vidole vya mkono uliovimba. Huo ni mwani. Nakuambia mapema kwa sababu hutajua, na hakuna mgeni aliyewahi kujua. Mmoja alidhani ni kabichi, mwingine akasema ni moto, na mzee mmoja wa Kiwangwa aliyeleta mananasi alisimamisha pikipiki yake, akaitazama kwa huruma, akauliza, "Nanasi lenu limepatwa na nini?" Fundi aliyeijenga ni fundi wa mabirika ya maji, mtu mwema kabisa, ila hakuwahi kuonyeshwa mwani hata siku moja. Aliusikia kwa kuelezewa.

Waliomwelezea nawajua. Mimi niliishia darasa la nne, na kuandika kwangu ni kwa kukwaruza, lakini kusahau sikufundishwa. Majina sitayaweka hapa, maana mmoja ni baba wa wanangu na mwingine ni shangazi yao, na wanangu wanasoma. Nitawataja kwa undugu tu. Kijijini kwetu hilo linatosha. Kila mtu atawajua, na wenyewe watajijua kabla ya watu.

Mtaliki wangu na wifi yangu. Basi, nimeshawataja, tuendelee.

Kwanza uelewe habari ya mbegu, maana ugomvi wote uko hapo. Mwani haupandwi kwa punje. Unakata kichipukizi kwenye mwani uliokomaa, unakifunga kwenye kamba iliyowambwa baina ya vijiti viwili chini ya maji, kinakua. Siku ya kuvuna unabakisha vya kufunga tena. Mbegu ya leo ni mtoto wa mwani wa jana, na wa jana ni mtoto wa juzi, hivyo hivyo mpaka ule wa kwanza ulioletwa na watu hatuwakumbuki. Ikikatika imekatika. Huendi dukani kuagiza nyingine.

Tulikuwa na mbegu mbili, mwembamba na mnene. Mwembamba ni mvumilivu, unakubali popote. Mnene ndio unaotafutwa na wanunuzi, na ndio mkorofi. Maji yakipata joto kidogo tu unapauka, unakuwa mweupe kama nyama ya kuchemsha, unakatika, unaondoka na mawimbi. Zamani asubuhi za bamvua, maji yakienda mbali, wanawake tulijaa pwani kama tuko harusini, kila mmoja na beseni lake na umbea wake. Kisha bahari ikaanza kuwa ya moto. Mwani mnene ukapauka kamba baada ya kamba, na wenzangu wakapungua vivyo hivyo. Wengine walikwenda Chalinze kuwauzia mahindi ya kuchoma abiria wa mabasi, wengine wakarudi kwenye mihogo. Wakabaki wachache na mwembamba wao.

Mimi nilichukua konzi tatu za mbegu nene ambazo zilikuwa bado hazijapauka, nikazipeleka mkondoni. Mkondo ni mfereji ulio mbali kule karibu na mwamba. Hata maji yakipwa namna gani, pale unasimama yako kiunoni, na yanapita ya baridi. Hakuna aliyekuwa akilima kule, kwa sababu maji ya mkondo hayana adabu, yakigeuka yanageuka na wewe. Nyuzi za kufungia zilikuwa zimeniishia, nikachana kanga zangu kuukuu, moja nyekundu na moja ya manjano, nikafungia hivyo vipande. Mbegu zikashika. Nikafikisha kamba kumi na mbili. Kwa hiyo ukisikia kwamba pwani yetu ina mwani mnene, ujue ni wa kwangu, na hakuna mwingine. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa kujisifu kidogo.

Siku moja mkondo ulinichukua. Kamba ilinizunguka kifundo cha mguu, maji yakanilaza, nikaona mbingu nikiwa chini ya maji. Aliyenitoa ni shoga yangu, ambaye shamba lake la mwembamba liko njiani kwangu. Alinifuata na nguo zake, akanishika nywele, akanivuta huku ananitukana mpaka kwenye mchanga. Kovu ninalo hadi leo. Mume wangu, wakati huo alikuwa bado mume, alikuwa kibarazani kwenye kahawa anacheza bao. Nakuomba ulishike hilo la kahawa, tutalihitaji.

Mwaka uleule aliniacha. Yeye ni fundi cherehani, na sababu aliyoitoa mbele ya wazee ni kwamba harufu ya mwani inaingia kwenye vitambaa vya wateja. "Mwani ni kazi ya kike," alisema, "nami sina ubaya nayo, lakini nyumba inanuka bahari." Nikawa nimenusurika na maji na ndoa ndani ya mwaka mmoja. Nilihamisha beseni zangu, kamba zangu na harufu yangu, nikahamia kwa mama.

Habari ya wageni ilianzia Kiwangwa. Wifi yangu alikwenda harusini huko, akaona basi dogo la watu wa Dar limesimama shambani, watu wamevaa miwani ya jua wanajipiga picha na mananasi. Alirudi hajalala.

"Wifi!" aliniita toka mlangoni. "Watu wanatoka Dar kuja kuangalia mananasi! Yamekaa tu chini, hayafanyi kitu chochote!"

"Ndiyo, wifi, mananasi hayana mambo mengi."

"Sasa sisi tuna nini?"

"Tuna mbu."

"Tuna mwani!" akasema. "Wangapi duniani wanalima baharini? Nani analima shamba ambalo linaoga mara mbili kwa siku?"

Nilimwambia duniani sijui, ila pwani hii tumebaki wachache, na yeye si mmoja wao. Wifi yangu ana duka la vyombo. Maji ya bahari aliyapenda kwa mbali, akiwa amevaa viatu.

Ikaundwa kamati ya wageni. Mwenyekiti akawa wifi. Mtembezaji wa wageni akawa kaka yake, mtaliki wangu, kwa sababu ana sauti na kwa sababu yeye ndiye aliyeshona fulana za kamati. Mtu aliyeniacha kwa harufu ya mwani akapewa kipaza sauti cha mkononi awaeleze watu uzuri wa mwani. Mara ya kwanza kumsikia nilikuwa naanika mwani wa mavuno ya pili. "Vuteni pumzi, wageni wangu," aliwaambia, "vuteni kabisa. Harufu hii ni afya tupu." Nikakohoa. Akahamisha wageni.

Vivutio vyenyewe vilikuwa hivi. Kuna sanamu, nimeshaisema. Kuna Nyumba ya Mwani, iliyokuwa ghala la nazi, ambamo walitundika mwani mkavu ukutani na picha ya wanawake wanaovuna wakicheka. Picha imetoka kwenye kalenda, na wale wanawake hatuwajui hata mmoja, wala hakuna anayecheka hivyo akiwa ameinama saa tatu. Kuna juisi ya mwani anayoitengeneza wifi, imejaa tangawizi hata mwani wenyewe ukiwamo husikii. Kuna fremu ya mbao yenye umbo la moyo, unaingiza kichwa unapigwa picha na bahari nyuma. Na kuna kibendera chekundu kwenye kijiti, pale maji yanapoanzia. Chini yake wameandika: ALIPOOKOLEWA MAMA.

Huyo mama ni mimi.

"Ilikuwa hivi," mtaliki wangu anawaambia wageni, na sauti anaishusha hata kipaza sauti kinakoroma. "Nilimwona anazama. Sikufikiri mara mbili. Nilijitupa."

"Ulijitupa wapi?" shoga yangu alimuuliza siku moja, amebeba kiroba chake kichwani anapita. "Kwenye kete?"

Wageni wakacheka bila kujua wanacheka nini. Na yeye akacheka nao, maana hana aibu, na hilo nilitaka kulisema tangu zamani.

Sasa kibao. Wifi aliagiza kibao kizuri mjini, herufi za buluu: MASHAMBA YA BAHARINI, KILA JUMAMOSI, SAA NNE ASUBUHI. Alichagua saa nne kwa sababu Jumamosi aliyokwenda kupima, saa nne maji yalikuwa yamekwenda mbali, mashamba yote yamelala wazi kama mkeka. Ilikuwa bamvua. Mtoto wa kwetu wa miaka sita angekuambia kwamba Jumamosi inayofuata ni maji mafu, yasiyokwenda mbali, na saa nne hiyohiyo bahari itakuwa imejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Wifi amezaliwa hapa. Kaka yake amezaliwa hapa. Wajumbe wote wamezaliwa hapa. Walikaa kikao, wakapitisha, wakanywa chai. Nilipomuuliza mjumbe mmoja ilikuwaje, akaniambia, "Tulijua, lakini kibao kilikuwa kimeshaandikwa."

Jumamosi ya pili wageni walikuja, wakasimama ufukweni wakaangalia maji. Mtaliki wangu akawanyooshea kidole. "Liko pale," alisema. "Chini."

Kubadilisha kibao walikataa. Kwa hiyo wakaamua kuhamisha shamba. Waliwamba kamba karibu kabisa na ufukwe wakaliita shamba la maonyesho, ili mgeni akija saa nne, maji yawepo yasiwepo, aone mwani. Nikawaambia mwani hauishi pale. Bamvua ikija, kamba zinalala juu ya mchanga mkavu na jua linazipika. Maji mafu yakija, yanakaa ya uvuguvugu kama ya kuoshea maiti. "Si lazima uishi, wifi," mwenyekiti alinijibu. "Uonekane tu."

Kwa hiyo kila Jumamosi walifunga mbegu, na kila Jumapili mbegu imekufa. Wakawamalizia wanawake mbegu ya mwembamba. Shoga yangu peke yake walimchukulia kamba nne, anapewa ahadi na juisi. Mwembamba ulipopungua, macho yakahamia mkondoni.

Hapa nikueleze desturi yetu, ya wanawake wa mwani. Mbegu haiuzwi baina yetu. Inaombwa. Ukiombwa nchi kavu, unaweza kusema ngoja, unaweza kusema bado haijakomaa, unaweza kuuliza habari za watoto mpaka mwombaji achoke. Lakini mwenzako akikuomba mmesimama wote wawili majini, humnyimi. Unakata, unampa, na yeye anaifunga palepale kwa mkono wake, haondoki nayo. Nani alianzisha sijui. Nadhani ni kwa sababu aliyekufuata majini ameshalipa.

Mtaliki wangu alinijia nyumbani kwa mama, nchi kavu, viatu vimepigwa rangi.

"Hodi, mama watoto."

"Karibu, shujaa."

Akakaa. Akasifu uji ambao hakupewa. "Kamati imenituma," akasema. "Jumamosi linakuja kundi kubwa, kina mama watupu kutoka Dar, wana sare. Tunataka tuwaonyeshe mwani mnene. Kamba kumi tu."

"Ninazo kumi na mbili."

"Ndiyo maana nimesema kumi. Mbili zitabaki zako."

"Na hizo kumi zitakufa Jumapili."

"Lakini watakuwa wameuona!"

Nilimweleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Kwamba hiyo ndiyo mbegu nene pekee kutoka kwetu mpaka ninapopajua. Kwamba ikifa hakuna pa kuomba. Akaitikia kwa kichwa, na nikadhani ameelewa. Akainuka, akajipangusa suruali, akasema, "Basi nitawaambia unafikiria."

Ijumaa nilikwenda Lugoba kwenye hitma ya mama mdogo. Wifi alijua, maana alichangia sukari, na siku hiyo nilimshukuru mpaka nikaona haya.

Jumamosi bamvua ilikuwa imekolea. Saa mbili nilishaingia, nikifuata maji yanavyorudi nyuma. Nilipofika mkondoni nikatia mkono chini kutafuta kamba ya kwanza. Niliishika, nikaipapasa mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa tupu. Ya pili tupu. Ya tatu. Nilikwenda mpaka ya kumi na mbili ninapapasa kama kipofu, na mwani ulikuwa umefunguliwa na vifungo vyake, hata kidole cha kuchipua hakikuachwa. Baadaye nilikuja kujua wametumwa wavuvi wawili wa pweza, wakaambiwa nimekubali. Sina ugomvi nao. Waliokota walichoambiwa waokote.

Niligeuka kuangalia nyuma, kule ufukweni. Nikaona vitu vyekundu na vya manjano vinapepea juu ya mchanga. Vilikuwa vipande vya kanga zangu.

Sijui kama umewahi kukimbia ndani ya maji ya magoti. Hukimbii, unagombana nayo. Shoga yangu aliniona napita akauliza, "Kuna nini?" nikamwambia, "Njoo na beseni," naye hakuuliza tena. Tulipofika, shamba la maonyesho lilikuwa kavu kabisa, mbegu yangu yote imelala juu ya mchanga, jua la saa nne liko juu yake, na kina mama wapatao ishirini wenye vitenge vya sare wamelizunguka na simu zao. Nikapiga magoti nikaminya kichipukizi. Nje kilikuwa kimeanza kulegea. Ndani kilikuwa bado cha baridi. Kilikuwa hai. Ningepata saa moja, labda pungufu.

"Na huyu hapa, wageni wangu!" kipaza sauti kikalia juu ya kichwa changu. "Ndiye yule yule niliyemwokoa! Amekuja kutuonyesha namna tunavyovuna!"

Nilishika kifundo cha kwanza cha kanga. Nilianza kufungua. Shoga akaanza upande wa pili. Mama mmoja wa Dar, mnene, mwenye raba nyeupe, akainama karibu yangu.

"Shikamoo, mama. Mbona unaufungua?"

"Marahaba. Huu mwani ni wangu, umechukuliwa sina habari. Jua likiufika ndani, umekufa, na mwingine hakuna. Kwao ni kule." Nikaonyesha kwa kidevu, maana mikono ilikuwa na kazi.

Akatazama kule. Maji yalikuwa mbali, yanameta. "Kule ambako huyu kaka alijitupa kukuokoa?"

"Kulekule."

Wallahi yule mama alikuwa na akili. Alivua raba zake, akazifunga kamba akazitundika shingoni, akamgeukia mtaliki wangu. "Kaka, wewe si unaujua mkondo? Chukua beseni, tangulia."

"Mimi nina wageni wa kutembeza," akasema.

"Wageni ndio sisi. Tutembeze huko."

"Kipaza sauti hiki hakitaki maji."

"Lete, nitakushikia." Akakichukua mkononi mwake kama anamnyang'anya mtoto kisu. Kisha akakijaribu. "Tangulia, shujaa!" ikasikika mpaka kwenye sanamu, na kina mama wote wakaipokea, "Tangulia, shujaa! Tangulia, shujaa!" wanapiga makofi, na vigelegele juu.

Alitangulia. Alikunja suruali mara mbili kwa uangalifu wa fundi, akaweka beseni kichwani, akaingia. Kwenye kibendera chake chekundu alisita kidogo akasoma maandishi kama hajawahi kuyaona. Maji yakamfika magoti, akaanza kusoma dua. Mapajani, akaisoma kwa sauti. Nyuma yake tulikuwa mimi, shoga, na msafara wa vitenge vya sare, kila mwenye kitu cha kubebea amebeba, waliokosa wamebeba kwenye vikoi na mapochi. Mmoja aliteleza akaketi majini, akainuka anacheka, mwani hajaudondosha. Mkondoni maji yalimfika mtaliki wangu kiunoni. Akashika kijiti changu cha mwanzo kwa mikono miwili, beseni liko kichwani, na hapo akabaki mpaka mwisho. Sitamdhulumu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alibeba mwani.

Kufunga si kazi ya kujifunza siku moja. Wale kina mama tuliwaweka kwenye mstari wakawa wanatupitishia, sisi wawili tunafunga. Kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara naminya kabla sijafunga. Nyingine zilikuwa zimeshapauka ncha, nikakata nikafunga kilichobaki. Nyingine zilisagika vidoleni, nikaziachia. Maji yakatulia, halafu nikayasikia miguuni yanaanza kurudi. Nikawaambia kina mama wa Dar watoke sasa hivi, na shoga awapeleke pamoja na yule aliyeshika kijiti. Yeye hakungoja kuambiwa mara ya pili.

Nilikuwa kwenye kamba ya saba, peke yangu, nilipoona mtu anakuja kinyume na wenzake. Ni dera la kijani kibichi, limejaa upepo, na kilemba juu. Wifi. Alikuja na viatu vyake mkononi, kisha nadhani akaviona havina maana akaviacha viende. Akaja mpaka maji yakamfika kifuani, maana yeye ni mfupi. Meno yanagongana.

"Wifi," akasema.

"Naam."

"Nimekuja kukuomba mbegu."

Nilimtazama. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mengine nilikuwa nimeyatunza tangu siku ya talaka. Lakini alikuwa amesimama majini. Tena mkondoni, ambako mimi mwenyewe bado naingia kwa bismillahi. Na alijua anachofanya, asikudanganye mtu kwamba hakujua. Mama yake alilima mwani kabla yangu.

"Ya kupeleka wapi?" nikamuuliza.

"Sipeleki popote. Nafunga hapahapa. Desturi si hiyo?"

Nikakata konzi moja nikampa. Nilichagua nzuri, kwa sababu ukitoa mbovu majini mkono unakuwa mzito mwaka mzima, ndivyo tunavyoamini. Nikamwonyesha kamba ya mwisho, ya kumi na mbili, iliyo ndani zaidi. Alifunga. Vifundo vyake vilikuwa kama vya kufungia mzigo wa sufuria dukani, vikubwa, mara tatu tatu. Nilitaka kucheka na nilitaka kumzamisha. Alipomaliza maji yalikuwa mabegani kwake, tukarudi tumeshikana mikono. Usilifanye jambo kubwa hilo la mikono. Mkondo ulikuwa umegeuka, na mtu mfupi unamshika.

Katika kamba zangu kumi na mbili zilipona tano, ukihesabu na ile ya konzi moja ya wifi. Nyingine zilipauka siku zilizofuata, nikawa nazitoa moja moja. Sijawasamehe, nimewaambia wote wawili, mmoja dukani kwake na mwingine mbele ya wageni. Kibao kipo palepale, ila saa wameifuta kwa rangi nyeupe, na mgeni akiuliza anaelekezwa kwangu, nami namwambia njoo lini. Shamba la maonyesho liling'olewa. Kibendera chekundu kipo, na hadithi ipo, isipokuwa siku hizi mtaliki wangu akifika kwenye kujitupa anaangalia kwanza kama niko karibu. Nikiwepo, anasema, "Tulijitupa."

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Wifi aliendelea kuja. Kila bamvua anakuja na dera lake, anaikagua konzi yake, anaongeza vifundo. Konzi ikajaa kamba nzima, ikawa kamba mbili. Na bamvua iliyopita nilikuta tasi wamepita kwenye kamba zangu zote. Tasi ni samaki anayependa mwani mchanga kuliko mgeni anavyopenda picha. Walikuwa wamekwangua mpaka nyuzi. Za wifi, kule ndani, hawakuzigusa hata jani.

Alikuwa amesimama pale, maji kifuani, anajifanya anaangalia mwamba.

"Wifi," nikasema.

"Naam, wifi yangu."

"Mbona wako hawakuula?"

"Wananiheshimu. Mimi mwenyekiti."

Niligeuka nyuma. Shoga yangu, hatua chache nyuma, alikuwa ameacha kufunga, amekunja mikono, anasubiri kama mtu aliyekaa mstari wa mbele taarabuni.

"Nimekuja kukuomba mbegu," nikasema.

"Maji yana kelele, wifi. Umesemaje?"

Nikarudia. Kwa sauti, mpaka ufukweni wakasikia. Akachomoa kisu, akachagua konzi nzuri, nzuri kweli, akanipa kwa mikono miwili.

"Funga hapahapa," akaniambia. "Na ufunge mara tatu tatu. Mtindo wako wa kufunga ndio unaowaita tasi."